Kutoa Figo, Kutoa Funguo

Simu ya dada yangu tuliichukia sote nyumbani, ila mama ndiye aliyeipa jina. Aliiita kitoto. Dada hakuwa na mtoto, na simu ile alilala nayo, aliamka nayo, hata bafuni aliingia nayo ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ikilia tukiwa mezani, mama alisonya na kusema, "Haya, kitoto kinalia. Kimbia ukakinyonyeshe." Dada alicheka tu, akainuka na tonge shavuni. Siku tunamzika baba ililia yeye akiwa na mchanga mkononi. Alinimiminia mimi ule mchanga, akaenda kusimama nyuma ya magari, na wakati tunafukia kaburi nilimsikia akimwambia mtu, "Usibonyeze hapo. Toa mkono. Nimesema toa mkono!"

Nilimnunia mwaka mzima kwa jambo lile. Sasa nina figo yake tumboni, kwa hiyo hasira nimezipunguza.

Kazi yake nitaieleza kama nilivyoielewa mimi, mtu wa mashine za kunyolea. Kampuni yao inasambaza dawa. Hospitali ikitaka dawa, mtu huko anaandika oda kwenye kompyuta. Oda ile haiendi moja kwa moja ghalani, maana kompyuta ya ghala huenda ina shughuli nyingine, au imezimika. Inaingia kwanza kwenye foleni, inasubiri zamu yake, na ghala likiwa tayari linaichukua. Kutoka hapo inaingia foleni nyingine kwenda uhasibu, na nyingine kwenda kwa wenye magari. Foleni zote hizo msimamizi wake alikuwa dada, peke yake. Zikienda vizuri, hakuna aliyejua kama zipo. Zikikwama, hakuna asiyejua namba yake ya simu.

Kulikuwa na mtu kabla yake. Huyo, foleni ilipojaa siku moja na skrini ikawa nyekundu, aliifuta yote. Skrini ikarudi kijani, akaenda kunywa chai. Oda zote zilizokuwa ndani zikapotea, na hospitali zikakaa zinasubiri dawa ambazo hakuna aliyekuwa akizipakia. Dada, aliyekuwa mgeni kazini, ndiye aliyepiga simu hospitali moja baada ya nyingine kuuliza, "Samahani, mliagiza nini?" Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini yeye aliyazoa, kikombe kwa kikombe. Alipopewa nafasi ya yule bwana, aliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa foleni zile. Akashika funguo zote. Nasema funguo, ingawa ni ruhusa tu za ndani ya kompyuta: nani anaweza kuangalia, nani anaweza kuhamisha, nani anaweza kufuta. Wengine wote waliruhusiwa kuangalia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa figo zangu zilipokufa.

Sitawachosha na habari za ugonjwa, kila mtu ana wake. Niliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, nikawa naenda na kurudi kama mtu aliyeajiriwa huko. Ndugu walipimwa. Kaka yetu mkubwa alikuwa na sukari, mama umri ulikuwa umempita, na dada alifaa. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi niliwaambia wahenga wanisamehe, kwa hili nitategemea. Dada alipoambiwa majibu yake, hakuuliza kama inauma. Aliuliza, "Nitakaa bila kufanya kazi muda gani?"

"Wiki kadhaa," daktari alijibu. "Na bila simu za kazini. Nataka upumzike, si uhamishie ofisi wodini."

Tarehe ilipangwa. Daktari alinivuta kando akaniambia moyo wangu umeanza kuchoka na ile mashine, kwamba tarehe hiyo ikipita, foleni ya chumba cha upasuaji ni ndefu na yeye hataki turudi mwisho wake. Nilimweleza dada neno kwa neno. Alikaza midomo, akaenda kwa bosi wake.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, hadithi ingekuwa tamu zaidi, lakini ukweli alikuwa mtu wa haki. "Likizo sikunyimi," alimwambia. "Kwa ndugu yako nani atakunyima? Lakini foleni ikikwama wewe ukiwa umelala, kuna wagonjwa wengine nao watakosa dawa, nao wana dada zao. Nipe watu wawili wanaoweza kushika mfumo bila wewe. Nikiwaona kwa macho yangu, nasaini siku hiyohiyo."

Dada akapiga moyo konde. Alipewa watu wawili na chumba kidogo chenye ukuta wa kioo, na akawatengenezea mfumo wa mazoezi, nakala kamili ya ule wa kweli, kila foleni na kila kufuli mahali pake. Wa kwanza alikuwa kijana mwepesi wa mikono, aliyeamini kwamba dawa ya kila kitu ni kufuta na kuwasha upya. Dada alimwita Fagio. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyetoka idara ya manunuzi, makini kupita kiasi, asiyebonyeza chochote kabla ya kuuliza, "Naruhusiwa?" Huyo akaitwa Ruhusa. Wote wawili walimwita dada mwalimu, kwa heshima na kwa woga.

Siku za mashine yangu, dada alikuja kukaa nami. Mrija ukiwa mkononi mwangu na damu yangu ikizunguka nje ya mwili, yeye alifungua kompyuta magotini akanifundisha mimi kwanza. "Ukielewa wewe," alisema, "basi hata kiti ulichokalia kitaelewa."

"Mteja akikaa kwenye kiti chako," aliniuliza siku moja, "halafu hajui anataka kunyolewa vipi, unafanyaje?"

"Namwambia aamue."

"Haamui."

"Namrudisha kwenye benchi."

"Sehemu gani?"

"Palepale mbele. Zamu si bado yake?"

"Basi unamwita tena, anakaa, haamui, unamrudisha. Unamwita, anakaa, haamui. Na walio nyuma yake?"

"Watanitukana, halafu wataenda kwa kinyozi wa jirani."

"Ndivyo foleni inavyokwama," alisema dada, macho yakimng'aa. "Ujumbe mmoja mbovu, labda mtu kaandika jina la dawa mahali pa idadi. Ghala linauchukua, haliuelewi, linaurudisha mbele. Linauchukua tena. Mpaka kesho. Sasa wewe kinyozi, utafanya nini? Utawafukuza wote ili duka lionekane safi?"

"Halafu nile nini? Namweka yule mmoja kwenye benchi la pembeni, kule kwenye pipa la maji. Nanyoa wengine. Baadaye namfuata taratibu nimuulize, mzee, ulitaka nini hasa?"

Dada alipiga paja mpaka muuguzi akageuka. Kesho yake aliwafundisha Fagio na Ruhusa habari za benchi la pembeni, na jina likashika. Hata leo kwenye kampuni ile, mahali pa kuwekea ujumbe mbovu panaitwa benchi la pembeni, na mimi silipwi.

Aliwafundisha mengi. Kusoma urefu wa foleni kabla ya kugusa chochote. Kujua kama tatizo ni aliyetuma, aliyepokea, au njia iliyo kati yao. Kuuliza ni ujumbe upi unaoweza kuvumilia seva, ile kompyuta mama, kuzimwa na upi utakaopotea nayo. Fagio alizoezwa kukalia mikono yake mwenyewe, kweli kabisa, viganja chini ya mapaja, mpaka amalize kusema kwa sauti anachokiona. Ruhusa alizoezwa kinyume chake: ataje uamuzi kwanza, kisha aseme sababu, bila neno "samahani" katikati. Kila aliposema samahani, Fagio aligonga meza. Wakawa wanacheka, wakawa wanashika. Dada alirudi kwangu akiwasifia kama mama anayesifia watoto wa shule.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakunisimulia, kwa sababu mwenyewe hakuliona. Walipokosea, hakuwaacha wasahihishe. Alinyoosha mkono juu ya bega la mtu, akabonyeza yeye, akasema, "Mmeona?" Nao waliona. Kuona hawakukatazwa.

Siku ya mtihani ikafika. Dada aliharibu mfumo wa mazoezi kwa makusudi, akatia ujumbe mbovu mbele ya foleni ya ghala, akatoka nje. Alisimama kwenye korido pamoja na bosi, wakichungulia kupitia kioo. Ndani, Fagio alikalia mikono yake. Ruhusa alisoma skrini, akautaja ugonjwa, na wala hakuomba samahani. Wakakubaliana: uende benchi la pembeni. Fagio akatoa mikono, akaandika amri, akabonyeza.

Mfumo ukakataa bila kutaja sababu. Akaandika tena. Ukakataa tena. Ruhusa alikunja uso, akasema kwamba huenda wao ndio wenye makosa, huenda si ujumbe bali njia. Wakaanza kurudi nyuma, wakishuku kila walichokuwa wamekijua. Jasho likamtoka Fagio. Mwisho akasema, "Mimi nawasha seva upya."

Dada hakuvumilia. Aliusukuma mlango, akawapokonya kibodi, akaingia kwa jina lake na neno lake la siri, akaandika amri ileile, herufi kwa herufi, na ujumbe ukahama. "Mmeona?" alisema.

Kwenye mlango, bosi alitikisa kichwa. "Nilichoona mimi," alisema, "ni kwamba bado ni wewe." Hakusaini.

Alinijia siku ileile, nikiwa kwenye mashine, mwenye hasira na machozi. Akanisimulia yote jinsi walivyoandika amri sawasawa na ikakataa, jinsi walivyotaka kuzima seva, jinsi watu wasivyofundishika. Nilimsikiliza. Mimi si mtu wa kompyuta, lakini nimesikiliza wateja tangu ujana wangu, na najua mtu anaporuka jambo katikati ya maneno yake.

"Ngoja," nikamwambia. "Wewe uliandika tofauti na wao?"

"Hapana. Sawasawa."

"Sasa kwa nini kwako ikubali?"

Nilimwona anavyotafuta jibu, na nilimwona alivyolipata, maana uso ulimshuka. Zile ruhusa. Nakala ya mazoezi ilichukuliwa na makufuli yake, na makufuli yale aliyafunga yeye miaka iliyopita, kwa kila mtu isipokuwa yeye. Amewafundisha kila kitu, na hajawapa chochote. Na hata sasa, nilipomtazama, sikuona mtu anayekimbia kwenda kufungua. Niliona mtu anayetafuta sababu.

"Nitawapa kidogo kidogo," alisema. "Kwanza kuhamisha. Kufuta, hapana. Kufuta siwezi kumpa Fagio, hujui yaliyotokea..."

Hapo nikawaka. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa hata na kamba. "Dada! Figo unanipa. Unalala mezani, wanakupasua, wanatoa kitu ulichoumbwa nacho, wananitilia mimi, kinyozi, mtu nisiyejua hata kutunza redio! Hukuniuliza nitaitumiaje. Hukusema utanipa kidogo kidogo. Lakini funguo za kompyuta, ambazo hata ukizitoa bado unabaki nazo, hizo huwezi?"

Mashine yangu ikaanza kupiga kelele kwa sababu ya mapigo ya moyo. Muuguzi alikuja mbio, akamtoa dada nje, akaniambia nikitaka kufa nisifie kwenye zamu yake. Nililala pale nikiwa nimeogopa. Niliogopa kufa, nisiwafiche, na niliogopa zaidi kwamba nimemtukana mtu pekee aliyesimama kati yangu na kaburi.

Hakurudi siku ile. Alikwenda ofisini, akawaita Fagio na Ruhusa kwenye kile chumba cha kioo. Aliwaambia, "Mtihani niliufeli mimi. Amri yenu ilikuwa sahihi." Kisha akawafungulia, mmoja baada ya mwingine, ruhusa zote: kuangalia, kuhamisha, kusimamisha njia, kuwasha, na hatimaye kufuta. Ruhusa aliponong'ona, "Hata hii naruhusiwa?" dada alimjibu, "Kuanzia leo, wewe ndiye unayeruhusu." Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha mwisho, kile cha Fagio, kwa muda mrefu. Fagio mwenyewe alimwambia, "Mwalimu, ukitaka acha hicho. Sitakasirika." Dada akabonyeza.

Mtihani wa pili aliufanya mgumu zaidi kwa makusudi, na akampa bosi kiti chake. Yeye alikwenda kukaa kwenye ngazi za nje, mahali asipoweza kuona kioo. Bosi alipotoka kumtafuta alikuwa na kalamu mkononi.

"Bado jambo moja," dada alimwambia. "Mimi ninyang'anywe."

"Unyang'anywe nini?"

"Ruhusa zangu. Mpaka nirudi. Nikiwa nazo nitaingilia, najijua. Nitatambaa kutoka wodini."

Ruhusa ndiye aliyezifunga. Fagio anasema safari hii hakuuliza kama anaruhusiwa.

Basi tukalazwa, vitanda jirani. Asubuhi ya upasuaji dada alimkabidhi mama ile simu. "Kikilia," alisema, "usikizime. Sikiliza wanasema nini." Mama alikitia kifuani, akasema maishani mwake hakuwahi kufikiria kwamba siku moja angelea kile kitoto. Wakamsukuma dada kwanza. Alipita kitandani kwangu akaninyooshea kidole: "Itunze, wewe kinyozi. Ukiivunja nakuja kuichukua." Nilimpungia mkono mpaka mlango ukafungwa.

Yaliyotokea ofisini wakati sisi tumelala niliyasikia baadaye kwa Fagio mwenyewe, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu na povu shingoni. Foleni ya ghala ilikwama. Si mazoezi, ya kweli. Skrini nyekundu, oda zikirundikana, simu za hospitali zikianza kuita mezani kwa Ruhusa, maana walishapewa namba yake. Bosi alishuka ngazi mbiombio, mtu wa haki lakini mwenye moyo mwepesi, akasema, "Mpigieni. Mpigieni mwalimu, hata kama ni dakika moja tu."

Ruhusa alisimama. Mwanamke aliyekuwa akiomba ruhusa ya kufungua dirisha. "Hapana, bosi," alisema. "Yuko chini ya kisu. Na hata angekuwa macho, hana ruhusa. Sisi ndio tunazo."

Fagio alikalia mikono. Anasema vidole vilimwasha kama upele, kitufe cha kufuta kikiwa palepale, wazi, chake. Alisema kwa sauti anachokiona. Wakaupata ujumbe mbovu, wakaupeleka benchi la pembeni, na foleni ikaanza kutembea. Halafu Ruhusa akanyanyua simu, akaipigia ile hospitali iliyotuma oda yenye kasoro, akauliza taratibu, "Samahani, mliagiza nini?" Fagio akagonga meza kwa lile neno samahani. Wakacheka mpaka bosi akadhani wamerukwa na akili.

Mimi nilizinduka jioni. Mama alikuwa ameinama chini ya kitanda changu, anatazama mfuko wa mkojo, na analia. Ulikuwa unajaa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mfuko ule, na waliozoea kwenda msalani kila siku wanicheke wanavyotaka.

Dada alikuwa macho tayari, uso umefifia, midomo mikavu. "Anakojoa?" aliuliza.

"Anakojoa kama bomba lililopasuka," mama akajibu.

Dada alifumba macho, akatabasamu. Kisha akayafumbua. "Na kitoto? Kimelia mara ngapi?"

"Hakijalia."

"Mama. Hakijalia kabisa? Kina chaji?"

"Kina chaji, mwanangu. Kimenyamaza tangu asubuhi."

Alitaka apewe. Mama alisita, akampa. Akapiga ofisini, na katika utulivu wa wodi ile nilisikia sauti ya Ruhusa ikipokea, imetulia, nyuma yake watu wanapiga soga.

"Foleni ya ghala ikoje?" dada aliuliza kwa sauti iliyokwaruza.

"Mwalimu, hongera kwa kuamka. Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo. Foleni ya ghala."

"Naomba nikuulize, mwalimu. Umeruhusiwa kuuliza mambo ya kazi?"

Nilimwona dada kifua kikipanda. Nilidhani atafoka, na nilijua akifoka nyuzi zitamuuma. Badala yake machozi yalimtoka, yakateremka pembeni mpaka masikioni, naye hakuyafuta.

"Hapana," alisema. "Sijaruhusiwa."

"Basi lala, mwalimu. Tupo."

Simu ikakatika. Dada aliishika muda, akaigeuza, kisha akamnyooshea mama.

"Nikirudishe kifuani?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kilaze."

Mama alibonyeza pembeni mpaka kioo kikawa cheusi, akakifunga kwenye kanga yake, akakiweka ndani kabisa ya mfuko, chini ya nguo. Dada akageuza kichwa upande wangu. Wakati nafikiria neno la kumwambia, tayari alikuwa amelala.